Nani Athibitishe Idadi? Hotuba Kuhusu Mashauri ya Kupinga Amri za Halmashauri Zinazowekea Kikomo Wanyama wa Nyumbani

Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa wawakilishi wa wadi, mawakili wenzangu, maofisa wa mifugo na wa afya, wanafunzi wa sheria, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya amri ambazo mamlaka za mitaa huwapa wakazi ili wapunguze au waondoe wanyama wanaowafuga majumbani mwao, na juu ya njia ambazo wakazi hao huzitumia kuzipinga mahakamani. Najua ni mada inayowachekesha wengi wanapoisikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwetu mtu anayefikishwa kortini kwa ajili ya mbwa amefikishwa kwa kuwa mbwa amemuuma mpita njia, si kwa kuwa mbwa wamehesabiwa wakaonekana wamezidi. Lakini ziko nchi ambako idadi yenyewe ndiyo kosa, na katika nchi hizo imejengeka sheria nzito inayostahili kusomwa na yeyote anayetunga, anayetekeleza au anayepinga sheria ndogo za mitaa.

Niutangulize msimamo wangu, ili atakayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kila ninaposoma hukumu za aina hii naona kwamba zinaamuliwa na swali ambalo mwenye mbwa hulifikiria mwisho kabisa, nalo ni nani anayepaswa kuthibitisha kwamba idadi fulani imezidi. Pale halmashauri inapotakiwa kuonyesha kero iliyopo na kuihusisha na idadi, mfugaji ana nafasi ya kweli ya kushinda. Pale mfugaji anapotakiwa kuonyesha kwamba kikomo kilichowekwa hakina mantiki yoyote, hushindwa karibu kila mara, hata kama mbwa wake ni wapole, wamechanjwa wote, na ua wake unafagiliwa asubuhi na jioni.

Nianze na jimbo la New South Wales nchini Australia, ambako utaratibu umeandikwa hatua kwa hatua. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1993, katika kifungu chake cha 124, ina jedwali refu la amri ambazo halmashauri inaweza kumpa mwananchi, nyingi zikiwa za majengo, usafi na maji taka. Amri namba 18 katika jedwali hilo humwelekea mkazi wa nyumba au kiwanja, na humkataza kuweka ndege au wanyama isipokuwa wa aina, idadi au namna itakayotajwa katika amri yenyewe. Halmashauri inaweza kuitoa pale tu wanyama hao wanapokuwa wa aina isiyofaa, au wa idadi isiyofaa, au wanafugwa isivyofaa. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba sheria haikutaja tarakimu hata moja, na huo ndio mlango ambao mawakili wa pande zote mbili huingilia.

Kwa baadhi ya wanyama, kanuni zilizo chini ya sheria hiyo zimeweka vipimo vya umbali. Kuku wa kawaida wasiwekwe karibu ya makazi kwa chini ya mita 4.5, bata, bata bukini na bata mzinga wasogezwe hadi mita 30, farasi na ng'ombe mita 9, nguruwe mita 60. Mbwa na paka hawakupewa kipimo cha namna hiyo. Halmashauri zimeruhusiwa kujitungia sera za jinsi zitakavyotoa amri zao, na huko kwenye sera ndiko tarakimu huingia: mbwa wawili kwa nyumba, pengine paka watatu, pengine idadi inayotegemea ukubwa wa kiwanja. Sera hiyo ni mwongozo. Mahakama huipa uzito inaostahili, lakini haifungwi nayo kama inavyofungwa na sheria, na mfugaji anayekwenda kortini akidhani kwamba sera imekwisha kumhukumu amekubali kushindwa kabla shauri halijaitwa.

Kabla ya kutoa amri, isipokuwa katika dharura, halmashauri inalazimika kumpa mkazi taarifa ya kusudio lake, ikieleza amri inayokusudiwa na muda wa kuitekeleza, na kumpa nafasi ya kutoa maelezo yake, yeye mwenyewe au kwa kinywa cha wakili. Maelezo hayo lazima yasikilizwe na kutafakariwa, si kupigwa muhuri na kuingizwa kwenye jalada. Amri ikitolewa, lazima iambatane na sababu, na lazima imwambie mkazi kwamba ana haki ya kukata rufaa na ndani ya muda gani. Ofisa anayeruka mojawapo ya hatua hizi kwa haraka ya kumaliza malalamiko ya jirani amemzawadia wakili wa upande wa pili hoja ambayo hakuitolea jasho. Nasema hili mbele ya maofisa waliopo hapa kwa heshima zote, kwa sababu hoja za utaratibu ndizo rahisi zaidi kuziepuka na ndizo zinazoumiza zaidi zikikosewa.

Muda wa kukata rufaa ni siku 28 tangu amri ilipomfikia mkazi, na rufaa huenda kwenye Mahakama ya Ardhi na Mazingira, ambayo ilianza kazi mwaka 1980 na ambayo majaji wake husaidiwa na makamishna wenye ujuzi wa fani mbalimbali. Watu wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba kukata rufaa kunaisimamisha amri. Rufaa peke yake haisimamishi kitu. Mfugaji aliyepewa siku 14 za kupunguza mbwa kutoka saba hadi wawili, akakata rufaa siku ya kumi na akarudi nyumbani akalala usingizi, anaweza kujikuta ametenda kosa la kutotii amri wakati rufaa yake ikingali inasubiri tarehe. Inabidi aombe usimamishaji waziwazi, au apate makubaliano ya maandishi na halmashauri kwamba amri haitatekelezwa hadi shauri liishe.

Kinachonivutia zaidi katika mfumo huo ni mamlaka ya mahakama yenyewe. Katika rufaa ya namna hii mahakama haiulizi tu kama halmashauri ilikosea kisheria. Huchukua mamlaka yote na hiari yote ambayo halmashauri ilikuwa nayo, ikakaa katika kiti chake, ikasikiliza jambo upya pamoja na ushahidi mpya, na uamuzi wake ukahesabiwa kuwa ni uamuzi wa halmashauri. Inaweza kuifuta amri, kuirekebisha, kuweka nyingine mahali pake, au kutamka kwamba imekwisha kutekelezwa vya kutosha. Kwa hiyo swali mbele ya kamishna haliko mbali na maisha: je, leo hii, katika nyumba hii, kwenye kiwanja hiki, mbele ya majirani hawa, mbwa watano ni idadi isiyofaa?

Ndiyo sababu mashauri kama haya yanaweza kusikilizwa uani badala ya mahakamani. Kamishna anafika na mawakili, ofisa wa halmashauri, mwenye mbwa na jirani mlalamikaji, nao husimama kwenye majani wakitazama mambo ambayo hakuna kiapo kinachoweza kuyaeleza vizuri kuliko macho. Umbali kutoka banda la mbwa hadi dirisha la chumba cha kulala cha jirani hupimwa kwa futi kamba. Uzio hutazamwa kama ni wa mbao zilizoshikana au wa waya unaomruhusu mbwa kumwona kila apitaye. Sakafu ya banda hutazamwa inamwagia maji wapi, na pipa la kinyesi limefunikwa au la. Mbwa wakibweka siku hiyo, wakili mwenye busara hatajenga hoja juu yake, maana mbwa yeyote atabweka akiona watu wanane wenye makoti wamesimama katika himaya yake. Na wakinyamaza vilevile hatajenga hoja, maana hakuna ajuaye walipewa nini asubuhi.

Ushahidi wa jirani mara nyingi huja katika umbo la shajara. Jirani ameshauriwa na halmashauri aandike kila kelele anayoisikia, tarehe, saa na muda, naye ameandika kwa wiki kadhaa: saa kumi na moja na nusu alfajiri, mbwa wamebweka dakika sita, saa tatu usiku, wameanza tena gari lilipopita. Karatasi za namna hiyo zina nguvu kubwa zikiandikwa kwa uaminifu, na wakili wa mfugaji anayemshambulia jirani kwamba ni mwongo kwa kawaida hupoteza muda wa mahakama na huruma yake. Maswali yanayofaa ni mengine kabisa. Uliwaona mbwa waliobweka? Ni wangapi kati ya watano? Ni wale wale kila siku? Kwa sababu ikionekana kwamba wanaobweka ni wawili tu, na kwamba watatu waliobaki ni wazee wasioinuka hata chakula kinapoletwa, basi amri inayosema «bakiza mbwa wawili wowote» haitibu kero iliyotajwa. Mfugaji anaweza kuitii kikamilifu kwa kubakiza wale wawili wenye kelele.

Hapo ndipo tofauti kati ya idadi na kero inapojitokeza, na nawaomba wanafunzi waliopo waizingatie kuliko jambo jingine lolote nitakalosema leo. Jimbo hilo hilo lina sheria nyingine ya mwaka 1998 inayohusu mbwa na paka peke yao, ambayo humwezesha ofisa kutoa amri ya kero dhidi ya mwenye mbwa fulani anayebweka mno, anayerandaranda au anayeharibu mali za watu. Mwenye mbwa hupewa siku 7 za kupinga kusudio hilo, na amri ikitolewa hudumu miezi 6. Ikiwa chombo hicho chepesi kipo na hakijajaribiwa, wakili wa mfugaji ana haki ya kuuliza kwa nini halmashauri ilikimbilia kupunguza idadi. Wakili wa halmashauri naye ana jibu lake, na mara nyingine ni jibu zuri: kwamba kuna kero ambazo hazina mbwa mmoja wa kulaumiwa. Harufu ya mkojo wa mbwa wanane katika kiwanja kidogo haina mwenyewe. Inatoka kwa wote na kwa pamoja, na hakuna njia ya kuipunguza isipokuwa kwa kupunguza waliopo au kubadilisha kabisa namna wanavyotunzwa. Wakili wa mfugaji anayeingia kortini bila mpango wa usafi ulioandikwa na uliokwisha kuanza kutekelezwa, hapo ndipo atakapokwama.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, ambako hali ni tofauti sana. Kule mfugaji kwa kawaida haendi kulalamikia amri aliyopewa yeye, bali hushambulia sheria ndogo ya mji mzima kwa hoja za katiba: kwamba inamnyang'anya mali bila utaratibu wa haki, kwamba inabagua, kwamba haina uhusiano na afya wala usalama. Ni hoja zenye sauti kubwa, na matokeo yake yamekuwa madogo.

Mzizi wa jambo hilo ni wa zamani. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri lililotoka New Orleans, la mbwa jike wa aina ya Newfoundland aliyeitwa Countess Lona, aliyegongwa na gari la reli la mjini akafa. Mwenyewe alidai fidia. Louisiana ilikuwa na sheria iliyosema kwamba mbwa atatambuliwa kuwa mali ikiwa tu ameandikishwa katika orodha ya kodi, na kwamba fidia haitazidi thamani ambayo mwenyewe aliitangaza. Mahakama iliikubali sheria hiyo, ikasema kwamba mbwa ni mali, lakini mali isiyo kamili, aliyesimama kati ya mnyama wa mwituni na wale ambao umiliki wao ni kamili, yaani ng'ombe, farasi na kondoo. Kwa sababu hiyo majimbo yana uhuru mpana wa kuwadhibiti mbwa kwa ajili ya usalama wa watu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye fikra hiyo bado inasikika katika hukumu za miji midogo, na mimi naona kwamba imezeeka. Familia nyingi leo zingeuza gari kabla ya kumtoa mbwa. Hata hivyo sheria haijengwi kwa kupima nani anapenda nini, na sidhani kwamba mahakama ilikosea kusema kwamba mnyama anayeweza kuambukiza kichaa au kung'ata mtoto anastahili udhibiti ambao kabati la nguo halistahili.

Kutoka hapo njia ni nyoofu. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ya Illinois ilikubali kikomo cha mbwa wawili katika shauri la kijiji cha Carpentersville. Mwaka 1997 mji wa Sauk Rapids katika jimbo la Minnesota ulishinda rufaa yake juu ya kikomo kilekile cha mbwa wawili, ingawa mahakama ya chini ilikuwa imekifuta. Mahakama ya rufaa ilisema kwamba sheria ndogo huchukuliwa kuwa halali mpaka anayeipinga athibitishe vinginevyo, na kwamba uhusiano kati ya idadi ya mbwa na kelele, harufu na malalamiko ni wa kuingia akilini. Tazameni jinsi mzigo ulivyohamia. Mji haukulazimika kueleza kwa nini wawili na si watatu. Mfugaji ndiye aliyelazimika kueleza kwa nini wawili ni upuuzi, na hakuna mtu anayeweza kulieleza hilo, kwa sababu ukichagua tarakimu yoyote, inayofuata itaonekana karibu sawa na iliyotangulia.

Shauri la Toledo katika jimbo la Ohio linaonyesha mkazo wa kanuni hiyo. Mji huo uliruhusu pit bull mmoja tu kwa nyumba, na mkazi mmoja alikuwa na watatu. Ushahidi wa wataalamu ulisikilizwa, wengine wakisema kwamba mbwa wa aina hiyo hawana hatari ya asili kuliko wengine. Mahakama ya rufaa ilimpa mkazi ushindi mwaka 2006, kisha Mahakama ya Juu ya Ohio ikaugeuza mwaka 2007 na kusema kwamba mji ulikuwa na sababu halali ya kuwadhibiti. Miaka mitano baadaye, mwaka 2012, bunge la jimbo liliondoa aina hiyo ya mbwa katika tafsiri ya mbwa wakali kwa jina lake. Walichokikosa wafugaji mbele ya majaji wakakipata kwa wabunge, na nadhani kuna sababu: mbunge anaweza kushawishika kwamba sheria ni mbaya, lakini jaji aliyefungwa na kanuni ya uhalali wa kudhaniwa anatakiwa kushawishika kwamba sheria haina akili kabisa, na hayo ni mambo mawili.

Pennsylvania peke yake inanipa la kusema upande wa pili. Mwaka 1994 mahakama ya jimbo hilo iliyoitwa kuamua juu ya kikomo cha mbwa au paka 5 kwa nyumba, katika shauri la mwenye paka wengi kupita hapo, ilikataa kukiidhinisha. Haikusema kwamba mji hauna mamlaka juu ya paka. Ilisema kwamba katika kumbukumbu za shauri hapakuwa na chochote kilichoonyesha jinsi tarakimu hiyo ilivyohusiana na afya na usalama ambao mji ulidai kuulinda. Mawakili wa wafugaji huinukuu hukumu hiyo kila mahali, wakati mwingine kana kwamba ndiyo sheria ya Marekani yote, na hapo wanapotosha. Miji imejifunza kutokana nayo kuandika dibaji ndefu za sababu, na kwa dibaji ya aya tatu mji wa Pennsylvania unaweza kuziba pengo hilo. Lakini hata dibaji ina faida: mtu aliyelazimishwa kuandika sababu za kikomo hulazimika kwanza kuzitafuta.

Nitapita haraka kwenye shauri moja ambalo watu hulichanganya na haya. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya New South Wales ilifuta kanuni ya jengo la maghorofa lijulikanalo kama Horizon, huko Sydney, iliyokataza wanyama wote bila ubaguzi. Mbwa aliyesababisha shauri aliitwa Angus, schnauzer mdogo. Mahakama iliona kwamba kanuni hiyo ni kandamizi, kwa kuwa ilimnyima mwenye nyumba sehemu ya matumizi ya kawaida ya mali yake bila kumlinda mtu mwingine na lolote. Ni hukumu nzuri kusomwa, lakini ilihusu kanuni za wamiliki wa jengo chini ya sheria ya majengo ya pamoja. Anayeipeleka mbele ya kamishna katika rufaa dhidi ya amri ya halmashauri atasikilizwa kwa adabu na kuambiwa aendelee na hoja inayofuata.

Kama ningeulizwa ni mfumo gani ninaoupendelea, ningetaja ule wa Australia Magharibi. Sheria yao ya Mbwa ya mwaka 1976 inaziruhusu halmashauri kuweka kikomo cha mbwa waliofikisha miezi 3, lakini haziwezi kumzuia mtu kufuga mbwa mmoja au wawili. Na halmashauri inaweza kumpa mkazi msamaha wa kufuga zaidi katika nyumba fulani, mradi wasizidi 6. Akikataliwa, au msamaha ukifutwa, anaweza kwenda kwenye baraza la jimbo linalopitia maamuzi ya kiutawala. Tarakimu ipo, kila mtu anaijua, na ofisa hahitaji kubishana na kila nyumba; lakini mwenye sababu ana mahali pa kuipeleka, na anayepitia uamuzi anaitazama nyumba yake, si mji mzima. Wanaopinga husema kwamba misamaha hufungua mlango wa upendeleo. Ni kweli inaweza, na dawa yake ni kuandika sababu za kila msamaha na za kila ukatalifu, jambo ambalo maofisa wengi hawalipendi kwa sababu lina kazi.

Sasa nirudi kwetu, kwa kuwa Bwana Mwenyekiti aliniomba nisiondoke bila kugusa Kenya. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na limetaja kwa jina utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo hakuna shaka kwamba kaunti inaweza kutunga sheria juu ya mbwa. Swali litakalokuja siku kaunti fulani itakapoandika tarakimu ni kama mahakama zetu zitafuata njia ya Sauk Rapids au nyingine. Tulirithi kutoka Uingereza hukumu ya mwaka 1898 iitwayo Kruse v Johnson, iliyohusu mtu aliyeimba wimbo wa dini karibu na nyumba huko Kent baada ya kuambiwa na polisi anyamaze. Lord Russell alisema kwamba sheria ndogo za mamlaka iliyochaguliwa na watu zitazamwe kwa nia njema, na zifutwe kwa kukosa busara pale tu zinapokuwa na ubaguzi, dhuluma ya wazi, nia mbaya, au uonevu ambao mtu mwenye akili hawezi kuutetea. Mwimbaji alishindwa. Kwa kipimo hicho peke yake, mwenye mbwa watano wa Nyali au wa Kisauni naye angeshindwa.

Lakini Katiba yetu imeongeza kitu. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, halali, yenye busara na yenye utaratibu wa haki, na kinampa aliyeathirika haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ikaja kuifafanua. Hivyo basi, kama kaunti itaandika tarakimu katika sheria na kuishia hapo, mfugaji ataikuta njia nyembamba ya Kruse. Kama itatoa amri kwa mkazi mmoja mmoja, itabidi imsikilize kabla na imwandikie sababu baada, na sababu hizo zitapimwa.

Na sababu itakayotajwa mara nyingi zaidi hapa kwetu ni kichaa cha mbwa. Ni sababu nzito na sitaki mtu yeyote aondoke akidhani kwamba ninaidharau. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kinga ya jamii hupatikana pale asilimia 70 ya mbwa wanapokuwa wamechanjwa. Mtazameni basi mfugaji mwenye mbwa watano wote wakiwa na vyeti vya chanjo, na jirani yake mwenye mbwa mmoja asiyewahi kuona sindano. Amri inayompunguzia wa kwanza mbwa watatu inapunguza idadi ya mbwa waliochanjwa katika mtaa huo na kumwacha asiyechanjwa. Kaunti inayotaka kutetea amri yake kwa kichaa cha mbwa itapaswa kudai chanjo na leseni, na ikitaka kupunguza idadi itafute sababu inayohusiana na idadi. Hapa pwani kuna sababu nyingine ambayo haitaandikwa, nayo ni kwamba majirani wengi kwa imani yao hawapendi mate ya mbwa yaguse nguo zao. Hilo linastahili kuheshimiwa, na jibu lake la kisheria ni uzio, mkufu na mbwa kutozurura vichochoroni. Mbwa mmoja aliyeachiwa anawasumbua waendao msikitini kuliko watano waliofungiwa ndani.

Nimalizie na gharama, kwa sababu ndilo swali la kwanza ambalo mteja huuliza na ndilo ambalo hotuba nyingi hulisahau. Katika rufaa za New South Wales nilizozieleza, kawaida kila upande hubeba gharama zake, na mahakama huamuru vinginevyo pale tu inapoona ni haki na busara kufanya hivyo. Kuna pia kikao cha usuluhishi mbele ya kamishna, ambacho humaliza shauri kwa makubaliano: mbwa waliopo wabaki hadi wafe, wasibadilishwe wanapokufa, walale ndani kuanzia saa tatu usiku, na banda lihamishiwe upande wa pili wa kiwanja. Makubaliano kama hayo hayamfurahishi jirani siku ile, lakini humpa tarehe ya mwisho inayoletwa na umri wa mbwa wenyewe. Kwetu Kenya kanuni ni kwamba gharama hufuata matokeo, isipokuwa jaji aamue vingine kwa sababu nzuri. Mkazi anayefikiria kwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio ya amri ya kaunti aambiwe hilo na wakili wake kabla ya kuweka saini kwenye kiapo, na aambiwe pia kwamba barua ya kurasa mbili kwa ofisa wa kaunti, yenye nakala za vyeti vya chanjo, picha za banda na pendekezo la masharti ambayo yuko tayari kuyafuata, inaweza kumpatia kile kile ambacho angekitafuta mahakamani kwa mwaka mzima. Kama ofisa ataikataa bila sababu, barua hiyo hiyo ndiyo itakayokuwa kielelezo cha kwanza katika shauri.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kupokea maswali.